Irma Stern, Mchoraji wa Nyuso za Unguja

Mtu atokaye Mlingotini kwenda Bagamoyo mjini hupita mbele ya milango ya nakshi ambayo pengine haitazami tena, kwa kuwa ameizoea tangu utoto wake. Milango ya namna hiyo, ile ya Unguja ng'ambo ya bahari, ilimstaajabisha sana mwanamke mmoja wa kigeni, naye alikuwa mchoraji. Jina lake Irma Stern.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 huko Schweizer-Reneke, katika Transvaal ya Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipozuka, baba yake alitiwa kifungoni na Waingereza. Kisha jamaa nzima ikarudi Ujerumani. Hivyo binti huyu alikua akienda huku na huku, asijue hasa kwao ni wapi. Alijifunza uchoraji Weimar na Berlin, akapata msaada wa Max Pechstein, mmoja wa mafundi wa uchoraji mpya. Hao hawakuona kazi yao kuwa kuiga umbo kama jicho lilionavyo, bali kuonyesha kwa rangi kali jinsi moyo ulivyoguswa.

Mwaka 1920 akarudi Cape Town, na mwaka 1922 akafanya maonyesho yake ya kwanza huko. Alichekwa magazetini, hata polisi wakaja kupeleleza kama picha zake zavunja adabu! Miaka ilipopita mji ule ule ukawa unajivunia jina lake. Lakini mlango mwingine ulifungwa: tangu 1933, Hitler aliposhika utawala, Myahudi hakuwa na mahali tena katika Berlin iliyomlea. Basi akazidi kuielekea Afrika.

Alifika Unguja mwaka 1939, akarudi tena 1945, zamani za Sultani Khalifa bin Haroub. Aliwachora Waarabu, Waswahili na Wahindi, kwa rangi nzito iliyopakwa kwa haraka, hata mapigo ya brashi yaonekana. Nyuso hizo zina heshima; hazikuchorwa kwa mzaha. Tena alinunua mbao za nakshi zilizotoka katika fremu za milango ya zamani, akazifanya fremu za picha zake. Picha na mbao zikasafiri pamoja.

Hapa sifa zangu zinapungua kidogo. Fundi aliyeketi siku nyingi na patasi yake kuuchonga ubao ule hatajwi, naye aliyechorwa hatajwi vilevile. Picha yake mojawapo iliyo mashuhuri, ya mwaka 1945, aliipa jina la Padre wa Kiarabu. Lakini Uislamu hauna upadre, na mtoto yeyote wa Unguja angeweza kumwambia hivyo, kama angaliulizwa. Bibi huyu alikuwa na jicho kali kuliko sikio lake. Aliupenda uzuri wa watu wetu, lakini mara nyingi aliwaona kama watu wa nchi ya ndoto, si kama majirani wenye majina, madeni na watoto wa kulea.

Alikwenda Kongo pia, na juu ya safari zake akatoa vitabu viwili: kimoja cha Kongo, mwaka 1943, na kimoja cha Unguja, mwaka 1948, mwaka ule ule ambao serikali ya ubaguzi wa rangi ilishika utawala kwao. Ndoa yake na Johannes Prinz, iliyofungwa mwaka 1926, ilivunjika mwaka 1934. Alifariki tarehe 23 Agosti 1966, na nyumba yake ya Rosebank, Cape Town, ikafanywa makumbusho. Aliyekuja kuitazama aliingia kwa mlango wa nakshi wa Unguja.

Mwaka 2011 picha ile ya mzee wa Kiarabu iliuzwa kwa mnada mjini London kwa zaidi ya paundi milioni 3, ikanunuliwa na idara ya makumbusho ya Qatar. Mzee mwenyewe hakutajwa kwa jina lake.