Harold Ridley, munganga aliyeweka lensi ndani ya jicho

Leo mzee wa kartiye Lac Vert akitolewa mtoto wa jicho, anawekewa lensi ya plastiki. Wazo hilo ni la Harold Ridley, munganga wa macho Mwingereza aliyezaliwa 1906. Wakati wa vita aliona vipande vya vioo vya plastiki vya ndege vikikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe. Novemba 1949, huko London, akamwekea mama mmoja lensi ya kwanza. Ikazidi nguvu: mama akaona vya karibu sana tu. Kwa wagonjwa wengine lensi ilihama, ao jicho likavimba. Wakubwa wa kazi wakamkataa, lakini hakuacha. Uzeeni yeye mwenyewe akawekewa lensi. Alikufa 2001, mwaka mmoja kisha kupewa heshima na malkia.