Palwankar Baloo: Mrushaji mahiri aliyenyimwa unahodha

WAPENZI wa kriketi wanapowalinganisha magwiji wa Bara Hindi, jina la Ranjitsinhji hutajwa mapema. Gwiji huyo wa ukoo wa kifalme, aliyezaliwa mwaka 1872, alisoma Cambridge na kuichezea Uingereza. Katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Australia, mwaka 1896, alipata mikimbio 62, kisha 154 bila kutolewa.

Palwankar Baloo, mrushaji mpira wa zama hizo hizo, hukumbukwa na wachache.

Baloo alizaliwa Dharwad katika miaka ya 1870, katika tabaka lililohesabiwa kuwa najisi, ambalo watu wake leo hujulikana kama Wadalit. Mjini Pune aliajiriwa kutunza uwanja wa klabu ya Waingereza, na huko akawa akiwarushia mpira mabwana hao wakati wa mazoezi.

Kipaji chake kiliwatia majaribuni Wahindu wa matabaka ya juu. Walitamani kuwashinda Waingereza, lakini dini yao iliwakataza kumgusa. Hatimaye walimwita. Uwanjani walishika mpira mmoja naye; wakati wa mapumziko alikunywa chai peke yake, nje, katika kikombe cha udongo.

Mwaka 1906 timu ya Wahindu iliwashinda Wazungu mjini Bombay, Baloo akiwa miongoni mwa nguzo zake. Mwaka 1911 alisafiri na timu ya India kwenda Uingereza. Timu ilishindwa mara nyingi, lakini yeye alichukua wiketi 114.

Pamoja na sifa hizo, hakuwahi kuwa nahodha wa Wahindu. Heshima hiyo ilitengewa wenzake wa matabaka ya juu. Mwaka 1920 wadogo zake, Shivram na Vithal, waligoma kucheza kupinga dhuluma hiyo, na Baloo akapewa unahodha msaidizi. Mlango ulifunguka mwaka 1923, Vithal alipokabidhiwa unahodha. Wakati huo Baloo alikwisha kustaafu.

Alifariki dunia mwaka 1955, miaka 5 baada ya katiba ya India kupiga marufuku ubaguzi huo.

Hivyo, takwimu peke yake hazitoshi kuwapima magwiji hawa. Ranjitsinhji alishindana na warushaji wa Australia. Baloo alishindana na wapinzani wake na pia na desturi za timu yake mwenyewe.