Baba ya Simba na mto unaotufikia Kipini

Akitajwa George Adamson, wengi wetu hukumbuka simba na sinema. Mimi hukumbuka mto Tana, ambao alikaa ukingoni mwake, nao ndio huu unaomwagikia kwetu Kipini.

Alizaliwa India mwaka 1906, akaingia Kenya 1924. Alihangaika na kazi nyingi, hata kutafuta dhahabu, kabla ya kuajiriwa askari wa wanyamapori mwaka 1938. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kumbe ameacha watoto watatu. Mmoja wao, Elsa, alilelewa na Adamson na mkewe Joy, akafunzwa kuwinda, akarudishwa mwituni Meru. Elsa alikufa 1961, na kaburi lake liko huko huko Meru. Kitabu cha Joy kilienea duniani, na pesa zake zikasaidia hifadhi hiyo.

Mwaka 1970 Mzee alipiga kambi Kora. Hapo ndipo alipoitwa Baba ya Simba. Hakuwa malaika: aligombana na wafugaji waliotafuta malisho na maji wakati wa ukame, nao waliona simba wanathaminiwa kuliko ngamia wao. Tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na miaka 83, majambazi walimuua alipokimbilia kumwokoa mgeni wake. Wafanyakazi wake wawili walikufa naye. Mwaka uliofuata Kora ikatangazwa mbuga ya taifa.

Maisha yake yana funzo kwetu wa pwani. Simba haponi bila swala, swala hawaponi bila nyasi na mto, na mbuga haipati amani jirani yake akiwa na kiu. Bahari nayo ni hivyo. Kamba wa Ghuba ya Ungwana na mikoko ya Kipini hutegemea maji baridi na tope linaloletwa na Tana kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, likipitia Embu na Meru. Tangu 1981 bwawa la Masinga huzuia sehemu ya tope hilo na kubadilisha mafuriko. Lakini sisi kwenye vikao vya BMU tunabishana juu ya nyavu tu.

Nyavu ni muhimu, sikatai. Ila mkulima wa Embu, mfugaji wa Kora na mvuvi wa Kipini wanakunywa mto mmoja. Wasipokaa kikao kimoja, tutailinda bahari kwa mkono mmoja huku mwengine ukiifunga mlango wake.