Krapf na Neno Homa

Wengi wapitao Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, hawajui kwamba hapo amezikwa Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Sisi walimu wa isimu humtaja Krapf kwa sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850, na kwa kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Leo namkumbuka kama mgonjwa.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akahubiri Uhabeshi, kisha akahamia Mombasa mwaka 1844. Haikupita miezi mingi homa ikamwangusha yeye na mkewe, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Rosine alifariki Julai 13. Kichanga chao kikamfuata baada ya siku chache, baba akiwa hoi kitandani. Je, ilikuwa malaria, au homa ya uzazi? Hapakuwa na awezaye kupambanua. Vijidudu vya malaria vilionekana na Laveran mwaka 1880, Krapf akiwa mzee kwao. Hatia ya mbu ikathibitishwa na Ross mwaka 1897. Kabla ya hapo Wazungu walilaumu hewa ya vinamasi, na ndiyo maana neno malaria, kwa Kiitaliano, ni hewa mbaya tu. Krapf hakukata tamaa. Mwaka 1846 alikwenda kuanzisha misheni Rabai pamoja na Rebmann, nako homa ikawafuata wote wawili.

Homa, neno tulilolipata kwa Waarabu, hutaja dalili, si ugonjwa. Lakini Likoni, Changamwe na Kisauni mtu akipata joto husema ana malaria kabla hajachomwa kidole. Chikungunya ilipoenea Mombasa mwaka 2018, viungo vyangu vilikaza hata kalamu sikuweza kuishika. Duka moja la dawa liliniuzia vidonge vya malaria bila kunipima. Siku mbili baadaye damu yangu ilichunguzwa kwingine, isionekane na kijidudu hata kimoja. Ingekuwa dengi, iliyopata kuzuka mjini humu mwaka 2013, na nikameza aspirini kutuliza maumivu, ningejihatarisha kutokwa na damu.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Kipimo cha haraka chataka tone la damu na dakika zisizozidi ishirini au thelathini. Siku ile nilikiona kisanduku chake rafuni, nyuma ya muuzaji.