Padiri Damien: mutu aliyekubali kuhesabiwa pamoja na wenye ukoma



Ku mugodi tunajua namna mutu anabaki peke yake. Wakati iko na nguvu, marafiki hawakosekani. Mavumbi yakishaingia mu kifua, akianza kukohoa usiku kucha, kiti chake kinabaki wazi, na jirani anamusalimia kwa mbali. Leo nataka kuwaelezea maisha ya mutu ambaye, pahali wengine walikimbia, yeye aliingia na akabaki mpaka kufa. Jina lake tunalisikia sana, lakini kazi yake wengi hawaijui.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 mu kijiji cha Tremelo, Ubelgiji. Wazazi walimwita Jozef De Veuster. Baba yake alikuwa mulimaji na muchuuzi wa nafaka, na alitaka ule kijana aje kushika biashara ya nyumba. Kwa hiyo Jozef alikua na jembe mukononi, akajifunza kubeba magunia, kupasua mbao na kupiga misumari. Haikuwa mutu wa vitabu vingi. Lakini kaka yake alikuwa amekwisha kuingia shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria kule Leuven, na Jozef akamufuata. Pale akapewa jina la Damien.

Mwaka 1863 kaka yake alichaguliwa kwenda visiwa vya Hawaii, mbali sana mu bahari ya Pasifiki. Siku za safari zikakaribia, na homa kali ikamulaza kitandani. Damien hakungoja kuulizwa. Akaandika barua moja kwa moja kwa mukubwa wa shirika kule Paris, kuomba nafasi ya kaka yake. Wakamukubalia. Akafika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na mwezi wa Mei mwaka ule ule akapewa upadiri. Kwa miaka 9 alizunguka mu kisiwa kikubwa cha Hawaii, kwa miguu na kwa farasi, akijenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati ule ukoma ulikuwa unaenea mu visiwa vile, na dawa haikukuwako. Mwaka 1865 serikali ya mufalme Kamehameha wa 5 ikatoa sheria: kila mugonjwa wa ukoma atengwe. Kuanzia 1866 wakaanza kuwapeleka kwa mashua ku kisiwa cha Molokai, pahali penye bahari pande tatu, na upande wa nne mulima uliosimama kama ukuta. Mwanaume aliachana na bibi yake, mutoto na mama yake. Aliyepelekwa kule, watu walimuhesabu kama amekwisha kufa. Vibanda vilikuwa vibovu, maji yalikuwa mbali, chakula hakikutosha, na wenye nguvu kidogo waliwanyang’anya wale waliokwisha kupoteza vidole.

Mwaka 1873 Askofu Maigret aliona kama haifai kuwaacha wale wakristu bila padiri. Lakini hakutaka kumulazimisha mutu, maana kupeleka padiri kule ilikuwa sawa na kumupeleka kaburini. Mapadiri wane wakajitolea, wapokezane kwa zamu kama sisi ku posti. Damien akawa wa kwanza. Alishuka kule tarehe 10 Mei 1873, akiwa na miaka 33. Nyumba haikukuwako, basi siku za kwanza akalala chini ya muti. Zamu yake haikuisha tena. Aliomba mwenyewe aachwe pale.

Sasa angalieni kazi yake, ndugu. Kusali alisali, na misa alitoa kila siku. Lakini alipomaliza misa alivua kanzu na kushika nyundo. Upepo mukali uliangusha vile vibanda vya majani, akaomba mbao ku serikali, na pamoja na wagonjwa wenyewe, wale wenye mikono bado, wakajenga nyumba za kusimama imara. Akaomba mabomba, wakayalaza pamoja mu udongo mpaka maji safi yakafika karibu na watu. Hiyo ilikuwa salongo ya kweli, haikuwa ya kulazimishwa. Akajenga nyumba za watoto yatima. Akafundisha watoto kuimba na kupiga muziki. Aliosha vidonda na kuvifunga, na juu ya harufu alikuwa anavuta kiko. Mutu akikufa, Damien ndiye alichonga sanduku, ndiye alichimba kaburi, ndiye alizika. Masanduku aliyotengeneza yanafika mamia.

Kuna jambo lingine ambalo mimi, mutu wa sendika, siwezi kulipita. Damien hakufunga mudomo. Aliandikia ofisi ya afya kule Honolulu barua juu ya barua: posho iongezwe, nguo zije, mbao zije, dawa zije, munganga aje. Wakubwa wakachoka naye. Hata mu shirika lake wengine walimwona kama mutu wa kichwa kigumu, anayetafuta sifa. Yeye hakutafuta sifa, alitafuta blanketi. Kwake kumupenda mugonjwa na kudai haki ya mugonjwa ilikuwa kazi moja.

Na alilipa bei yake. Kuna wakati alikatazwa kabisa kutoka mu ile kampi. Siku moja mukubwa wake wa shirika alifika na meli, lakini kapiteni akakataa asishuke, na Damien asipande. Basi Damien akasimama mu mutumbwi, akaungama zambi zake kwa sauti kubwa, na mukubwa akamupa maondoleo kutoka juu ya meli. Mutu anayekubali haya namna ile iko na imani yenye mizizi.

Tangu mwanzo hakuogopa kuwagusa. Alikula nao, na alipohubiri alijiweka mu hesabu yao, akisema sisi wenye ukoma, hata wakati mwili wake ulikuwa bado muzima. Mwezi wa Desemba 1884 alitia muguu mu maji ya moto sana, ngozi ikaungua, na yeye hakusikia maumivu. Akajua. Mwaka uliofuata munganga akahakikisha. Sasa ile neno sisi ikawa kweli kabisa.

Hakulala kungoja kifo. Aliendelea kujenga, hata na vidole vilivyoharibika. Na wasaidizi wakaanza kuja: mwaka 1886 Joseph Dutton, aliyekuwa askari mu vita vya Marekani, mwaka 1888 padiri Conrardy, na Mama Marianne Cope pamoja na masista wenzake. Kwa hiyo alipokufa tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Takatifu, na miaka 49, kazi haikukufa naye. Wakamuzika chini ya ule muti uliomupokea siku ya kwanza.

Mwaka 1936 mabaki yake yalirudishwa Ubelgiji, na kaburi lake liko Leuven. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa 16 alimutangaza Mutakatifu.

Sisi Wakongomani tunaweza kuwaza hivi: mu miaka ile ile, 1885, Mubelgiji mwingine, mufalme Leopold wa 2, alijitwalia inchi yetu nzima bila kuweka muguu wake hapa. Huyu wa Molokai alikwenda na mikono mitupu, na akaacha mwili wake kule. Wote wawili walibatizwa. Ubatizo peke yake hautoshi. Matendo ndiyo yanaonyesha.

Leo ukoma unapona. Ni vidonge, kwa miezi 6 ao 12, na vinatolewa bila malipo. Kifua kikuu pia kinapona kama mutu anapimwa mapema na anamaliza dawa. Huku Congo shirika linaloitwa kwa jina la Damien linasaidia kazi ya kupima na kutibu hayo magonjwa mawili. Ile inayobaki kutuua ni haya na kutengana.

Basi, ndugu, ukiona doa mu ngozi lisilosikia maumivu, ao kikohozi kinachopita wiki mbili, nenda upimwe, na umusindikize mwenzako. Mwenzetu mwenye kifua akirudishwa nyumbani, tusimuache bibi yake apange mustari peke yake ku ofisi kuomba haki yake. Delege aende naye. Jirani amupelekee unga. Na sisi wote, tunaposema habari yake, tusiseme yule mugonjwa. Tuseme sisi.