Alfredo wa Roma: Aliuza mgahawa, jina likabaki na wote

KATIKATI ya jiji la Roma, Italia, ipo migahawa miwili inayouza chakula kimoja, na kila mmoja unajitambulisha kuwa ndio wenye chakula hicho. Mmoja uko barabara ya Via della Scrofa, mwingine uko kwenye uwanja wa Piazza Augusto Imperatore. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Chakula chenyewe ni tambi bapa mfano wa utepe, ziitwazo fettuccine, zilizochanganywa na siagi na jibini. Duniani zinajulikana kwa jina la mtu mmoja, Alfredo di Lelio, aliyezaliwa Roma mwaka 1882 na kufariki mwaka 1959.

Alfredo hakuwa tajiri wa viwanda wala mwanasiasa. Alikuwa mwenye mgahawa. Hata hivyo, maisha yake yanagusa maswali ambayo kila mwenye duka, ghala au lori hukutana nayo siku moja: unapouza biashara unauza nini hasa, na jina la biashara ni mali ya nani?

MGAHAWA WA MAMA

Alfredo alianza kazi katika mgahawa wa mama yake, Angelina, uliokuwa Piazza Rosa katikati ya Roma. Ilikuwa biashara ya familia, ya aina ambayo mtoto hujifunza kazi kwa kuifanya.

Mwaka 1908 mke wake, Ines, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Armando. Kwa simulizi ya familia, mama huyo alibaki dhaifu baada ya uzazi na hakuwa na hamu ya kula. Kama ambavyo kwetu mzazi hupikiwa mtori au uji wa pilipili manga ili arudishe nguvu, Alfredo naye aliingia jikoni. Alichukua tambi za unga na mayai, akazichanganya na siagi nyingi na jibini la Parmesan.

Ines alikula sahani ikaisha, na inasimuliwa kuwa ndiye aliyeshauri chakula hicho kiwekwe kwenye orodha ya mgahawa. Huo ndio mwanzo wa biashara yote inayofuata.

Ni vyema ieleweke kuwa tambi za siagi na jibini hazikuwa jambo geni Italia. Mpishi Martino da Como aliandika mapishi yanayofanana na hayo tangu karne ya 15, na hadi leo Waitaliano wengi hula tambi za namna hiyo nyumbani, hasa mtu anapokuwa hajisikii vizuri. Alichofanya Alfredo ni kuchukua chakula cha kila siku, akakiongezea kiwango, kisha akakitafutia mteja wa kukilipia.

Mwaka 1910 Piazza Rosa ilitoweka kupisha ujenzi mpya wa jiji, na katika eneo hilo ndipo lilipokuja kusimama jengo la maduka la Galleria Colonna. Wafanyabiashara waliowahi kuvunjiwa vibanda kupisha barabara wanajua maana ya siku kama hiyo. Mahali huondoka, na wateja waliozoea mahali hapo hutawanyika.

VIA DELLA SCROFA

Mwaka 1914 Alfredo alifungua mgahawa wake mwenyewe Via della Scrofa. Muda haukuwa mzuri. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka huohuo, na Italia iliingia vitani Mei 1915. Mgahawa ulivuka kipindi hicho na kukuta miaka ya 1920 ukiwa bado wazi.

Baada ya vita walianza kuja wageni wa aina nyingine. Watalii wa Marekani walikuwa na fedha za matumizi, na Roma ilikuwa katika orodha ya miji waliyotaka kuiona. Hapo Alfredo alionyesha kipaji chake cha pili, ambacho pengine kilikuwa kikubwa kuliko cha upishi.

Tambi hazikuchanganywa jikoni. Zililetwa moto hadi mezani, na Alfredo mwenyewe alizigeuzageuza mbele ya mteja kwa uma na kijiko, huku siagi na jibini vikiyeyuka na kuwa mchuzi mzito. Mgeni alilipia chakula, na pia alilipia kuona kinavyotengenezwa na mwenye mgahawa kwa mikono yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alfredo aliongezea lake: hata chema, kikionekana kinavyotengenezwa, huuzika zaidi.

Mwaka 1920 waigizaji wawili waliokuwa maarufu kuliko karibu wote duniani wakati huo, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, walioana na kwenda fungate Ulaya. Walifika Roma na kula kwa Alfredo. Katika miaka hiyo ya 1920 walimzawadia uma na kijiko vya dhahabu, vikiwa na maandishi yanayomtaja kuwa mfalme wa tambi.

Kwa hesabu za biashara, zawadi hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko uzito wa dhahabu yake. Wasanii wengine wa Hollywood walifuata, na picha zao zikajaa ukutani. Kila mgeni aliyerudi Marekani alikuwa tangazo la bure. Serikali ya kifalme ya Italia nayo ilimtunuku nishani ya Taji la Italia.

HESABU YA SAHANI MOJA

Msomaji anaweza kujiuliza: siagi, jibini na tambi, kuna siri gani hapo? Jibu ni kwamba hakuna. Hiyo ndiyo nguvu ya biashara hii na ndiyo hatari yake.

Kwa upande wa gharama, kiungo kizito ni jibini. Gurudumu moja la Parmesan lina uzito wa karibu kilo 40, na huhitaji zaidi ya lita 500 za maziwa. Likishatengenezwa hukaa ghalani miezi isiyopungua 12 kabla ya kuuzwa, na mengine hukaa miaka miwili au zaidi. Maana yake ni kwamba mtaji hulala kwa mwaka mzima, na gharama hiyo huishia kwenye bei anayolipa mwenye mgahawa.

Lakini viungo vikiwa vitatu tu na njia ya kupika ikionekana mezani, hakuna kinachomzuia mpishi wa jirani kuiga. Mshindani hahitaji mtambo wala mtaalamu. Katika biashara kama hiyo, kinachomleta mteja kwako badala ya kwa jirani ni jina, uso wa mwenye biashara na sifa iliyojengwa kwa miaka. Vitu hivyo havihesabiki kama magunia, lakini ndivyo vinavyobeba faida.

MAUZO YA MWAKA 1943

Vita Kuu ya Pili iliufunga mlango huo wa wageni. Italia iliingia vitani Juni 1940, na Desemba 1941 Marekani ikawa adui. Wateja waliokuwa wakiijaza Via della Scrofa hawakuweza tena kuja.

Chakula chenyewe kiliadimika. Kuanzia mwaka 1942 mgao wa kawaida wa mkate kwa raia ulikuwa gramu 150 kwa siku. Mtu mwenye mgahawa uliojengwa juu ya siagi na jibini kwa wingi alikuwa katika hali ngumu kuliko wenzake.

Mwaka 1943 ulikuwa mbaya zaidi. Julai 19 Roma ilipigwa mabomu na mtaa wa San Lorenzo ukaathirika vibaya. Julai 25 Mussolini aliondolewa madarakani. Septemba, baada ya Italia kutangaza kusitisha vita, majeshi ya Ujerumani yaliukalia mji, na hayakuondoka hadi Juni 1944.

Ni katika mwaka huo ambapo Alfredo, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, aliuza mgahawa wake kwa wahudumu wake wawili. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo kuwa wa haraka, lakini kwa mfanyabiashara wa wakati huo, kubadilisha mali isiyohamishika kuwa fedha lilikuwa jambo la busara. Hakuna aliyejua kama jengo lingekuwapo mwaka unaofuata.

Wanunuzi hawakuwa wageni wa kazi. Walijua mapishi, walijua namna ya kuchanganya tambi mezani, na walijua wateja kwa sura. Waliendelea kutumia jina la Alfredo, na picha za wageni mashuhuri zilibaki ukutani. Kwa lugha ya wenye fremu za maduka, walipata chumba pamoja na kilemba chake, yaani sifa yote iliyokuwa imejengwa mahali pale.

MZEE ARUDI SOKONI

Vita vilikwisha na wageni wakaanza kurudi. Mwaka 1950 ulikuwa Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, na mahujaji wengi walimiminika Roma. Wakati huohuo kampuni za filamu za Marekani zilianza kupiga picha katika studio za Cinecittà, nje kidogo ya mji, na waigizaji wakawa wakazi wa hoteli za Roma kwa miezi kadhaa.

Mwaka huo wa 1950 Alfredo, akishirikiana na mwanawe Armando, alifungua mgahawa mpya Piazza Augusto Imperatore. Waliupa jina la Il Vero Alfredo, maana yake Alfredo wa kweli.

Neno hilo moja linaeleza tatizo lote. Mtu ambaye jina lake lilijulikana Ulaya na Marekani alilazimika kuweka kwenye kibao chake neno la kuthibitisha kuwa yeye ndiye. Mgahawa wa zamani ulikuwa na jengo, historia na picha. Mgahawa mpya ulikuwa na mtu mwenyewe na familia yake. Mteja aliyetoka mbali akiulizia kwa Alfredo angeweza kuelekezwa popote kati ya sehemu hizo mbili, na kila upande ungemkaribisha kwa haki yake.

Alfredo aliendesha mgahawa huo mpya na mwanawe hadi alipofariki mwaka 1959. Armando, yule mtoto aliyezaliwa mwaka 1908, ndiye aliyeendeleza kazi.

JINA LAVUKA BAHARI

Biashara kubwa zaidi ya jina hilo haikufanyika Roma kabisa. Nchini Marekani wapishi walianza kuongeza krimu kwenye mapishi, jambo ambalo halikuwamo katika tambi za Alfredo. Mwaka 1966 kampuni moja ya tambi ya huko iliuza tambi kavu za fettuccine zenye maelezo ya kupika kwenye pakiti, yakitaja krimu na jibini la Uswisi pamoja na siagi na Parmesan. Baadaye mchuzi wa Alfredo ukaanza kuuzwa ukiwa tayari kwenye chupa, na leo umejaa kwenye rafu za maduka makubwa.

Familia nayo ilijaribu kulifuata soko. Mwaka 1977 Armando na mshirika wake walifungua mgahawa New York, karibu na Rockefeller Center. Mwaka 1982 ukafunguliwa mwingine katika bustani ya burudani ya Epcot ya Disney, Florida, nao ulifanya kazi hadi mwaka 2007.

Lakini kufikia hapo jina lilikuwa limekwisha kuwa neno la kawaida la jikoni. Mwenye kiwanda cha mchuzi analiandika kwenye chupa kama anavyoandika neno chumvi. Ajabu ni kwamba Italia kwenyewe watu wengi hawalitumii. Wao husema tu tambi za siagi.

Linganisha na jibini lililomo ndani ya sahani hiyohiyo. Wazalishaji wa Parmigiano Reggiano waliunda umoja wao mwaka 1934 ili kulinda jina na ubora. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliliwekea jina hilo ulinzi, kwamba jibini litoke katika maeneo yaliyotajwa, yakiwamo Parma, Reggio Emilia na Modena. Februari 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa hata neno Parmesan, likitumika kwa jibini lisilotimiza masharti hayo, linaingilia jina linalolindwa.

Hata ulinzi huo una mpaka. Nchini Marekani viwanda vya huko vinaendelea kuuza jibini lao kwa jina la Parmesan, kwa kuwa sheria ya Ulaya haifiki huko.

FUNZO KWA WENYE BIASHARA

Hapo ndipo historia hii inapowagusa wafanyabiashara wa kanda yetu. Haki ya alama ya biashara hufuata mipaka ya nchi. Alama iliyosajiliwa BRELA pekee inalindwa Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake, Kenya kuna KIPI na Uganda kuna URSB. Mzigo unaweza kuvuka Namanga au Mutukula kwa saa chache, lakini ulinzi wa jina hauvuki pamoja nao mpaka mwenyewe aufuatilie upande wa pili.

Jambo la pili ni mkataba wa mauzo. Anayeuza duka, karakana au kampuni ya usafirishaji aandike wazi kama jina linakwenda na mali au linabaki, na kama ataruhusiwa kufungua biashara ya aina hiyo jirani na kwa muda gani. Naye mnunuzi aulize hayo kabla ya kutoa fedha, hasa pale jina la biashara linapokuwa ndilo jina la mtu.

Alfredo di Lelio aliuza mgahawa wakati wa vita na kufungua mwingine wakati wa amani, na yote mawili yalikuwa maamuzi ya mtu anayejua soko lake. Migahawa yote miwili inaendelea kupokea wageni, na tambi bado huchanganywa mezani. Mgeni anayefika Roma kwa mara ya kwanza bado hulazimika kuuliza ni Alfredo yupi.