Jack Parsons: Msee Hakuwa na Digrii, Lakini Roketi Zake Ziliruka

Umewahi kaa kwa keja, fees imekulemea, halafu unaona maboyz wako wakipost picha za graduation? Basi tulia kiasi, nikupe stori ya Jack Parsons.

Huyu jamaa alizaliwa Los Angeles, Marekani, 1914. Familia ilikuwa na doh, lakini uchumi ulipoanguka 1929, doh ikaenda. Jack akajaribu chuo Pasadena, akatoka. Akajaribu Stanford, fees ikamtoa tena. Akaenda kuhustle kwa kampuni ya baruti, na huko ndiko alisomea kemia yake, mikono ikiwa chafu.

Tangu wakiwa vijana wa shule, yeye na beshte yake Ed Forman walikuwa wanarusha viroketi vya kujitengenezea. Wakati huo ukisema roketi, watu wanakucheka. Ilikuwa mambo ya hadithi tu. Wawili hawa wakamtafuta Frank Malina, mwanafunzi wa Caltech aliyekuwa mkali wa hesabu. Jack kemia, Ed mitambo, Malina hesabu. Umeona vile timu inaundwa?

31 Oktoba 1936 wakajaribu injini yao kwa bonde la Arroyo Seco. Paipu ya oksijeni ikashika moto, ikaanza kujirusha kama nyoka, na wasee wakatoka mbio! Baadaye walilipua vitu chuoni hadi wakabandikwa jina Suicide Squad.

Lakini hawakuacha. Agosti 1941, kandege kadogo kakaruka kakisaidiwa na roketi zao, na jeshi likachangamka. Shida ilikuwa moja: fueli ya unga ikikaa stoo inapasuka nyufa, na ukiiwasha inalipuka yote mara moja. 1942 Jack akapata jibu kwa kitu unachokanyaga kila siku: lami. Alichanganya lami na kemikali ya kutoa oksijeni, akaimwaga ikiwa moto, ikaganda bila nyufa. Wazo hilo la fueli ya kumwaga na kugandisha ndilo lilikuja kurusha roketi kubwa za miaka ya baadaye.

Mwaka huo huo walifungua kampuni ya Aerojet. Nayo kambi yao pale Arroyo Seco ikakua ikawa JPL, wale wanaendesha magari ya NASA huko Mars.

Sasa hapa ndipo noma inaanza. Jack alikuwa ameingia dini ya uchawi, na usiku hao yake ilikuwa ya sherehe na matambiko. 1944 aliuza hisa zake za Aerojet. Pesa nyingi akaiweka kwa biashara ya boti na L. Ron Hubbard, wakaishia kortini. FBI ikamchunguza, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri. Mtu wa roketi akajipata kwa petrol station, kisha anatengeneza milipuko ya filamu.

17 Juni 1952, akiwa kazini kwa maabara yake ya nyumbani Pasadena, mlipuko ukamuua. Alikuwa na miaka 37 tu.

Sikwambii uache chuo. Bila hesabu za Malina, Jack hangefika mbali. Nakwambia tu karatasi si mwisho wako. Tangu 1972 kuna shimo mwezini linaitwa Parsons. Liko upande ule hatuuoni kutoka huku chini, lakini liko.